Shilingi Kumi kwa Ukurasa

Ukitaka kujua familia za mtaa huu zinaendeleaje, usiulize kanisani wala kwenye chama cha akiba. Njoo ukae nami saiba, duka langu la kompyuta na kopi. Liko Umoja, Nairobi, si mbali na ofisi ya chifu, kwa hiyo karatasi za familia zenye shida hunipitia kabla hazijafika kwingine. Cheti cha kifo kinataka kopi. Barua ya chifu inayotaja warithi inataka kopi. Hati ya kiapo inapigwa chapa hapa, inapelekwa kwa wakili kugongwa mhuri, halafu inarudi niiskani na kuipakia kwenye mfumo wa mahakama, maana tangu Julai 2020 kesi za Nairobi hufunguliwa mtandaoni. Kuna wazee ambao barua pepe yao ya kwanza maishani nimewafungulia mimi, na waliihitaji ili wamshtaki ndugu yao wa tumbo moja. Kopi ni shilingi tano. Kuchapisha ni kumi kwa ukurasa.

Kabla sijaendelea: mambo ya wateja nimeyachanganya makusudi, ya huyu na ya yule, ya mwaka huu na ya mwaka juzi, ili asije mtu dukani kuniuliza ni kwa nini nimemwandika. Ya kwetu nyumbani sijayachanganya. Kwetu nina ruhusa ya mama.

Kinachochapishwa sana siku hizi, karibu kushinda hata barua za kuomba kazi, ni picha za skrini za WhatsApp. Wakili amesema aletewe ushahidi, basi mtu anakuja na simu, ananitumia picha arobaini za kundi la familia, anasema, "Auntie, nitolee zote, na tarehe ionekane." Nazitoa. Siwezi kukudanganya kwamba sisomi. Karatasi inatoka kwenye mashine ikiwa imeelekea usoni pangu, na mimi ni binadamu.

Makundi haya yanafanana hadi utadhani yanaandikwa na mtu mmoja. Picha ya kundi ni ya marehemu, amevaa kofia, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Kundi lilianzishwa kwa ajili ya mazishi. Kurasa za kwanza ni orodha ya michango: jina, elfu mbili, jina, mia tano, jina, ahadi. Inakuja picha ya jeneza, inakuja ramani ya kufika ushago kijijini, inakuja nambari ya basi. Halafu mzee anazikwa na kundi halifungwi. Wiki mbili kimya. Kisha saa tano na dakika arobaini na nane usiku mtu anaandika: "Samahani kuuliza, zile pesa zilizobaki ziko wapi?" Mweka hazina anajibu kwa sauti ya dakika nne, ambayo bahati mbaya haichapiki. Mwingine anaandika, "Sawa, nimeelewa," neno ambalo katika makundi ya familia halijawahi kumaanisha hivyo. Ukurasa unaofuata ndio wenyewe. "Wewe usiniulize mambo ya hesabu. Nani alikulipia karo?" Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu: fulani ametoka kwenye kundi.

Nimezisoma nyingi kiasi cha kuwa na msimamo wangu, nao ni huu: shamba halianzishi ugomvi. Ploti haianzishi ugomvi. Shamba huingia ukurasa wa sita au wa saba, likiwa limeitwa kuja kushuhudia. Kinachoanza ni karo. Nani alisoma kwa jasho la nani, nani aliachishwa shule ili nani aendelee, nani alitumwa kwa shangazi akalelewe huko kama mfanyakazi wa nyumba huku wadogo zake wakibaki mjini wakinywa maziwa. Hesabu hizo hazikuandikwa popote, na kila mtu anazo kichwani, na kila mtu anazo tofauti.

Watu wa rika langu waliokulia Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, wanajua ninachosema. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja 2003. Ile ya sekondari za kutwa ikaja 2008. Kabla ya hapo mtoto alirudishwa nyumbani kwa ada ya mtihani. Na miaka hiyohiyo ya tisini ndiyo serikali na mashirika yake walikuwa wakipunguza wafanyakazi. Baba anatoka asubuhi ana kazi na jioni anarudi na bahasha. Nyumba yenye watoto wanne na bahasha moja lazima ichague. Ikichagua, mara nyingi humchagua kifungua mimba: wewe umeshakuwa mkubwa, tusaidie. Yeye anasaidia. Hakuna anayemwambia ahsante kwa sababu kumwambia ahsante ni kukiri kwamba kuna kitu kimechukuliwa.

Jambo la pili ni siri, na hapa nitawakosea wazee wengine adabu. Mzee wa Nairobi ana sanduku la bati chini ya kitanda na ufunguo wake unalala kiunoni. Mke hajui kuna nini. Watoto hawajui. Mzee akiulizwa anasema, "Mnataka nife?" Anakufa, sanduku linavunjwa kwa nyundo mbele ya baba mdogo na mwakilishi wa kanisa, na ndani kuna cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, risiti za 1988 zilizofifia, makubaliano ya kuuza ploti ambayo familia ilidhani bado ni yao, deni la SACCO, kile chama cha akiba na mikopo, na picha ya mtoto wa shule ambaye hakuna anayemjua. Karatasi hizo huletwa kwangu zikiwa zimekunjwa mara nane. Nazinyoosha kwa kiganja, nazipiga kopi, na kila mtu aliyesimama hapo kaunta anasoma jambo jipya kuhusu baba yake.

Na kuna siri mbaya kuliko ya sanduku: ya mzee anayesema, lakini anamwambia kila mtoto peke yake. "Hii nakuambia wewe tu, usimwambie mwenzako." Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyeaminiwa. Siku ya matanga wanagundua waliaminiwa wote, na kila mmoja aliahidiwa chumba kilekile cha mbele chenye duka.

Nimeona watoto wa walevi wakipatana haraka kuliko watoto wa watu wakimya. Sijui kama wataalamu wataniunga mkono. Mlevi aibu yake iliona jua. Alipiga kelele, aliuza redio, aliangukia mtaroni, na watoto wote walikuwepo. Wana hadithi moja. Watoto wa mtu mkimya kila mmoja ana baba yake.

Nyumba ya pili nayo ni darasa la hesabu. Wanakuja mama wawili, si pamoja, mmoja asubuhi mwingine alasiri, kila mmoja ameshika barua ya chifu. Wote wanaamini sheria itakata katikati: nusu nyumba hii, nusu nyumba ile. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haikati hivyo. Kama mume hakuacha wosia, watoto wa kila nyumba wanahesabiwa, na kila mjane anaongezwa kama kichwa kimoja. Mke mkubwa ana watoto watano: vichwa sita. Mke mdogo ana wawili: vichwa vitatu. Mali inagawanywa mafungu tisa. Nimewahi kumchorea mama mmoja vichwa hivyo nyuma ya karatasi iliyoharibika, vijiduara tisa, akaviangalia sana, kisha akaniuliza kama yule mtoto wake aliyefariki akiwa na miezi mitatu anahesabiwa. Nilimwambia amuulize wakili. Hilo swali halikuwa la vijiduara.

Wasichana nao. Bado kuna kaka wanaoandika kwenye fomu majina ya wavulana peke yake, halafu wananitazama nikipiga chapa kama nitasema kitu. Nasema. Sheria inasema watoto, haisemi wavulana, na Mahakama ya Rufani iliikataa tangu 2005 hoja kwamba binti ataolewa kwa hiyo apunguziwe. Baadhi hunishukuru. Baadhi hukusanya karatasi zao wakaenda saiba ya ng'ambo ya barabara.

Fomu moja tu hapa dukani silipishi: P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. Anayeihitaji huwa amevaa miwani ya jua siku ya mvua. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, wanawake 34 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ukutani juu ya mashine nimebandika nambari mbili, 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo mtu anaweza kuzisoma akijifanya anaangalia bei za kopi. Zaidi ya hapo sina la kusimulia. Hizo si hadithi zangu.

Mama yangu huniambia kwamba ugomvi wa sasa ni mdogo, eti sisi hatujaona kitu. Yeye ni fundi wa kushona, na mwaka 1987 alikuwa ameegemea cherehani redio ikiwa wazi kutwa kucha, akifuatilia kesi ya wakili S.M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, Ngong. Ukoo wake mwenyewe marehemu, wa Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano, hadi ukoo uliposhinda na akazikwa Mei 23, 1987. Mama anasema Nairobi nzima iligawanyika, hata ndani ya matatu watu walibishana hadi wakapitishwa vituo vyao. Kesi ya mirathi ya Mbiyu Koinange nayo, aliyekuwa waziri wakati wa Mzee Kenyatta na akafariki 1981, ilivuka miaka thelathini mahakamani. Mama huzitaja hizo mbili kila mtu anapolalamika kwamba faili lake limechelewa. Zinamfariji kwa namna ambayo sijawahi kuielewa.

Sasa ya kwetu.

Baba alikuwa dereva wa lori la wizara. Alipunguzwa kazi katikati ya miaka ya tisini, akapewa kiinua mgongo chake, akanunua ploti Kayole na kuanza kujenga kidogo kidogo: vyumba sita vya mabati, baadaye mawe, baadaye kumi na viwili, na viwili vya mbele vikawa vya biashara kwa sababu barabara ilisogea. Sisi ni wanne. Kaka mkubwa, dada, mimi, na kitinda mimba wetu ambaye sasa yuko Doha. Kaka aliacha shule kidato cha pili. Nilikua nikiambiwa kwamba alikuwa mvivu, kwamba kitabu kilimkataa, kwamba alipenda magari. Ni kweli alikuja kuwa makanga, kisha dereva. Kwenye magari ndiko alikopata karo ya dada, akalipa sehemu ya yangu, na akambebea kitinda mimba sanduku hadi kwenye geti la shule ya bweni siku ya kwanza.

Baba alifariki 2017. Hakuacha wosia. Wiki ya pili baada ya maziko kaka akapita mlango kwa mlango pale Kayole akawaambia wapangaji kodi sasa itumwe kwenye nambari yake. Hakumuuliza mtu. Wiki ya tatu kitinda mimba, akiwa huko Doha, akawatumia wapangaji haohao ujumbe kwamba atakayemlipa kaka hatahesabiwa amelipa. Alikuwa na hoja ya kisheria: kushika mali ya marehemu kabla mahakama haijakupa usimamizi ni kosa, lina faini isiyozidi shilingi elfu kumi au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Wakili wake alimwandikia hilo kwenye barua. Barua hiyo ililetwa kwangu nichapishe, nimpelekee kaka. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mimi nina saiba, sina posta, kama ana neno na kaka yake ampigie simu. Hakupiga.

Nielezee hapo kidogo, kwa sababu ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kwetu hakuna aliyewahi kuongea na mtu ana kwa ana. Baba akikasirika na kaka alimwambia mama. Mama alimwambia dada. Dada alipita jikoni akamwambia kaka, akiwa amepunguza makali au ameongeza, kulingana na siku. Majibu yalirudi njia ileile. Tulikulia ndani ya mfumo huo na ulitufaa, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, majirani walitusifia kwa utulivu. Baba alipokufa, katikati ya mstari palitoboka, na tukabaki watu wazima wanne wasiojua kupeana salamu bila mjumbe.

Waliolipia ni wapangaji. Mama mmoja wa chumba cha saba, muuza githeri, alilipa mwezi mmoja kwa nambari mbili kwa hofu. Aliyefuata akaona njia: hakulipa kwa yeyote, akasema anasubiri wenye nyumba waelewane. Kufika mwisho wa mwaka walikuwa watano wanaosubiri. Pampu ya maji iliungua na kila upande ukasema atengeneze anayekula kodi. Maji ya kanjo, yale ya jiji, huko Kayole huja kwa zamu, bila pampu hayapandi kwenye tangi, kwa hiyo watu walinunua kwa mitungi, shilingi ishirini mtungi, halafu wakachoka. Choo kikajaa. Stima ya ngazini ikakatwa. Siku niliyokwenda kuangalia, ukuta wa nyuma ulikuwa umeota kijani kuanzia chini hadi dirishani, na kwenye mlango wa chumba cha tatu mtu alikuwa ameandika kwa chaki, "Mzee rudi." Vyumba vinne vilikuwa wazi. Kwa kodi ya wakati huo, elfu nne kila kimoja, hiyo ni elfu kumi na sita kila mwezi zinazomwagika huku ndugu wakigombea ndoo.

Mama alianza kuumwa na presha. Daktari alimuuliza kama kuna jambo linalomsumbua, akasema hakuna. Watoto wetu waliambiwa wasisalimiane, au labda hawakuambiwa, waliona tu. Binti wa kaka na mvulana wa kitinda mimba wanasoma shule moja. Mke wa huyo wa Doha yuko hapa Donholm na watoto. Walikutana saiba kwangu Jumamosi moja, kila mmoja na kazi ya shule ya kuchapisha, wakakaa kompyuta ya tatu na ya nne wakitazama mbele. Baada ya muda nikasikia wanacheka kitu kwenye skrini. Kisha shemeji akapiga honi nje. Mvulana akachukua karatasi zake bila kuaga, na yule msichana akaniuliza, "Shangazi, kwani yeye ni nani wetu sasa?" Anajua ni nani wake. Alikuwa akiuliza kitu kingine na sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Faili lilifunguliwa kwenye mahakama ya Milimani, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na ndani ya zile siku thelathini za kupinga, kaka akapinga. Alikataa pia kutia sahihi ile fomu ya idhini ya warithi, nambari 38. Nimeona fomu hiyo ikikwamisha familia nyingi. Majina yote yana sahihi, mstari mmoja mtupu. Hakimu hakutaka kusikiliza mashahidi. Mwaka 2019 alitupeleka kwenye upatanishi, ule mpango wa mahakama ulioanzia hapohapo Milimani Aprili 2016. Mpatanishi ni mtu aliyeidhinishwa na Mahakama, wahusika hamumlipi, na anapewa siku sitini. Nawashauri watu kila mara wauulize mpango huo, na nusu yao wananiambia wanataka kesi. Wanataka mtu mwenye koti aseme mbele ya watu kwamba ndugu yao ni mwizi.

Yanayosemwa kwenye chumba cha upatanishi ni siri kisheria, kwa hiyo hayo sisimulii. Nitasimulia ya nje. Baada ya kikao cha pili tulikaa kwenye kibanda cha chai huku juu Upper Hill, mama, dada, kaka na mimi. Wa Doha alikuwa ameshiriki kwa simu na simu imeshakatwa. Kaka alikuwa amenunua mandazi ya watu wote. Mama akamuuliza, ana kwa ana, bila mjumbe, pengine kwa mara ya kwanza tangu azaliwe: "Wewe unataka nini hasa pale Kayole?"

Kaka akasema, "Mama, ploti ile ni kidato changu cha tatu na cha nne."

Akaeleza. Mwaka ule baba alipopewa kiinua mgongo alimwita garini, ndani ya lori aliloruhusiwa kulirudisha kesho yake, akamwambia pesa hizi zinatosha kitu kimoja, ama ploti ama karo, na ploti italisha wote. "Nikifa utajua pa kushika." Hii nakuambia wewe tu. Kaka alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa wa nne darasani. Si mvivu. Wa nne. Alitaja jina la mwalimu wake wa hisabati. Wakati wote huu alikuwa akisikia baba akiwaambia wageni kwamba kijana alikataa shule, na hakumsahihisha, kwa sababu lilikuwa neno la baba.

Dada alisema hakujua. Mama alisema alijua nusu. Muuza chai akaja kuuliza nani anaongezewa.

Makubaliano yaliandikwa na mahakama ikayafanya amri. Kodi yote inaingia kwenye simu ya mama, maana mjane ndiye mwenye haki ya kula matunda ya mali hiyo maisha yake yote, ingawa hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama. Kaka anasimamia ploti na analipwa sehemu ya kumi ya kodi kwa kazi hiyo. Mama asipokuwepo tutagawana sawa sisi wanne, isipokuwa vile vyumba viwili vya biashara vya mbele, ambavyo ni vya kaka peke yake. Dada na mimi tulikubali palepale. Wa Doha alikubali kwa barua ya wakili, baada ya mvutano, na akataka iandikwe kwamba kodi aliyokula kaka kabla ya amri imehesabiwa kuwa mshahara wake. Ikaandikwa.

Usidhani tumekuwa picha ya kalenda. Hao wawili hawaongei hadi leo. Wa Doha anaamini ile hadithi ya lori ni ya kutunga, kwa kuwa haina shahidi, na kaka anasema hatabembeleza mtu ambaye yeye ndiye aliyembebea sanduku. Mvulana wa Donholm na binti wa kaka wanakuja saiba pamoja, hilo lipo. Pampu ni mpya. Kulikuwa na mzozo mwezi uliopita juu ya rangi ya ukuta wa mbele, ukaisha kwa mama kusema atapaka chokaa na asisikie mtu.

Mama mwenyewe ameanza kuandika wosia. Ploti haigusi, hiyo si yake kuigawa, lakini ana kipande cha shamba alichonunua na wenzake wa chama, ana akiba kidogo, ana vyombo. Nilimweleza kwamba unahitaji mashahidi wawili wanaomwona akitia sahihi, na kwamba mimi naweza kupiga chapa ila nisiwe shahidi, kwa kuwa na mimi nimo. Akasema mashahidi atajitafutia mwenyewe, wapo akina mama wa chama. Akataka tuandike mbele ya wote, wa Doha akiwa kwenye spika ya simu, kaka akiwa amekaa mlangoni pa saiba, kila kitu kisemwe kwa sauti. Basi Jumapili moja nikafunga duka nusu, tukaanza. Shamba, akasema nani na nani. Akiba, akasema. Kabati la vyombo, dada. Kitanda kile cha mninga, kaka. Nikafika kwenye cherehani, nikauliza niandike nani.

"Hiyo ruka," akasema. "Nina sare za watoto wa shule za kumaliza kabla ya muhula kufunguliwa."